Kabla ya Kumgusa Mgonjwa

Katika miaka niliyofanya kazi ya uuguzi wodini nimegundua jambo moja kuhusu mikono yetu, yangu ikiwamo: tunanawa kwa bidii zaidi baada ya kumhudumia mgonjwa kuliko kabla. Ukimaliza kusafisha kidonda chenye usaha au kumwaga mkojo, hakuna anayehitaji kukukumbusha, kwani miguu yenyewe hukupeleka kwenye sinki. Lakini ukitoka kuandika faili, ukiwa umeshika kalamu, simu na kitasa cha mlango, kisha ukaenda moja kwa moja kupitisha dawa kwenye kanula, ule mrija mdogo ulioingizwa kwenye mshipa wa mgonjwa, mikono haina doa wala harufu, na kwa hiyo haikusumbui.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 unataja nyakati 5 za kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu, baada ya uwezekano wa kugusana na damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka. Tatu za mwisho hutulinda zaidi sisi wenyewe na mazingira ya wodi, ilhali mbili za mwanzo ni za mgonjwa, na hizo ndizo tunazoziruka.

Mwaka 1847, katika hospitali kuu ya Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwaamuru madaktari na wanafunzi waliotoka kupasua maiti wanawe kwa maji ya klorini kabla ya kuwapima wazazi. Vifo vya akina mama, vilivyokuwa vimefikia takriban asilimia 18 mwezi Aprili, vilishuka hadi karibu asilimia 2 katika miezi michache. Amri yake ilikuwa ya “kabla”, na wengi waliichukia, labda kwa sababu kunawa kabla ni kukiri kwamba hatari umeileta wewe.

Glavu zimetuharibu zaidi. Nimewahi kujikuta nikihamia kitanda cha pili na glavu zilezile, nikijiona msafi kabisa, ingawa juu ya mpira ule bakteria husafiri kama wanavyosafiri juu ya ngozi. Isitoshe, glavu huweza kuwa na matundu yasiyoonekana, na mikono huchafuka wakati wa kuzivua. Ndiyo maana mikono husafishwa kabla ya kuzivaa na baada ya kuzivua.

Sipendi kulaumu uvivu peke yake. Ukigawa dawa kwa wagonjwa 20, ukasafisha mikono kabla na baada ya kila mmoja, hizo ni mara 40. Kwa kitakasa mikono chenye alkoholi, kinachohitaji sekunde 20 hadi 30, ni dakika 13 au zaidi. Kwa maji na sabuni, sekunde 40 hadi 60 kila mara, ni dakika 27 kwa uchache, bila kuhesabu safari za sinki. Chupa ya kitakasa iliyo pembeni mwa kitanda ina faida kuliko bango lolote ukutani. (Sabuni bado ni lazima mikono inapoonekana michafu, au mgonjwa anapoharisha kwa Clostridioides difficile, kwa kuwa alkoholi haiui mbegu za bakteria huyo.)

Kosa langu la muda mrefu lilikuwa la mpangilio. Nilikuwa nikipaka kitakasa mlangoni, kisha navuta pazia, napandisha kitanda, nasogeza stendi ya dripu, ndipo namgusa mgonjwa. Siku hizi navuta pazia kwanza, naweka trei, namweleza mgonjwa ninachokwenda kufanya, halafu nasugua mikono mbele yake, vidole gumba na ncha za vidole zikiwamo kwa kuwa ndizo zinazosahaulika, na kinachofuata kuguswa ni mkono wake.