Mfereji kwenye Krenki

Mwaka 2009, msimu wa korosho ukikaribia, mfanyabiashara mmoja alileta pikapu yake ya dizeli gereji kwa mjomba, Chikongola, Mtwara mjini. Oili ilikuwa ikivuja nyuma ya injini mpaka klachi inateleza. Sili ya nyuma, ule mpira unaozuia oili isitoke pembeni ya krenki, yaani mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, alishabadilishiwa kwingine, mpya kabisa, na uvujaji ukaendelea vilevile. Sasa na ringi za pistoni zimechoka, moshi mtupu, ikabidi injini ishushwe ifanyiwe ovahoo, yaani ifumuliwe na kutengenezwa upya.

"Mzee, safari hii niwekee sili orijino," alisema mwenye gari.

Mjomba aliifuta krenki kwa kitambaa chenye petroli, akapitisha ukucha wa kidole gumba pale mdomo wa sili unapogusa chuma, kisha akaniambia nami nipitishe. Ukucha ulinasa. Kwa macho uliona mstari mwembamba unaong'aa, basi. Kumbe ni mfereji, umezunguka chuma chote.

Nikamuuliza mpira laini unakulaje chuma. Akanipa ile sili kuukuu ya mwanzo, ya kabla ya kubadilishiwa, niikague: mdomo umekauka, mgumu, na punje za vumbi zimejichimbia ndani yake. "Kinachokwangua ni mchanga, mwanangu. Mpira umeushikilia tu." Na gari lile lilikuwa likishinda kwenye mchanga wa Nanyamba na Newala.

Kuipeleka krenki Dar ijazwe chuma na kukerezwa upya ilikuwa safari ya zaidi ya kilomita 500, na kipande cha Ndundu hadi Somanga kilikuwa hakijapata lami. Tena joto la kuchomelea linaweza kuipinda. Kuikwangua mpaka mfereji uishe ndiyo njia mbaya kuliko zote, nasema hivyo hadi leo: unene unapungua, mdomo wa sili unakosa cha kubana.

Mjomba alipima kava la sili, akaona nafasi ipo. Sili ikizamishwa milimita mbili zaidi, mdomo utakaa kwenye chuma kizima, na tundu la kurudishia oili halitazibwa. Kwanza tukang'arisha. Tulizungushia ukanda wa msasa laini uliolowa oili, mimi nikawa navuta ncha zake kwa zamu, palepale, bila kuhama. Hilo alilisimamia sana. Msasa ukienda upande unaacha mikwaruzo ya mshazari, na krenki ikizunguka mikwaruzo hiyo inasukuma oili nje kama parafujo.

Puli ya mbele nayo ilikuwa na mfereji, lakini ile inavuliwa. Tukaagiza bushi ya chuma ya kuivisha juu ya mfereji kutoka Dar, ikaja na basi, nyembamba kama robo milimita, kwa hiyo sili ya saizi ileile iliingia. Mdomo wa kila sili tuliupaka oili kabla ya kuvisha, maana ukianza kuzunguka mkavu unaungua. Bomba la kupumulia injini lilikuwa limeziba masizi. Tukalizibua, presha isije ikaanza kuzisukuma sili.

Korosho zilipochanganya, mwenye gari alipita akitoka Newala na mzigo. Mjomba aliingia chini, akapitisha kidole pale injini inapoungana na gieboksi, kikatoka na vumbi kavu.

"Sili hii ya kampuni gani, mzee?"

"Ni ya kampuni ileile ya sili uliyowekewa kule kwingine. Na bei ileile."