Nilivyoingia ndani ya kichwa cha Mysterio

Watu sita waliniambia nivae Spider-Man. Wa saba akanishauri nichukue helmeti ya bodaboda niipake rangi ya fedha, "nani atajua?" Nawashukuru wote, na sikumsikiliza hata mmoja. Mimi ni fundi wa friji na AC hapa Mombasa, umri umeshapita thelathini, na nilichotaka ni kwenda Nairobi kwenye maonyesho ya katuni, watu wanakovaa kama wahusika, nikiwa Mysterio, yule adui wa Spider-Man mwenye kichwa cha bakuli la samaki. Nilikwenda, na kichwa kilinikalia.

Mbona adui, na si stelingi? Hilo swali nimeulizwa mpaka basi. Utotoni tulikuwa tukisoma komiki kuukuu zinazouzwa chini kando ya barabara, nyingi hazina jalada, na wenzangu wakigombana nani awe stelingi. Mimi sikugombana na mtu. Nguo zilikuwa upande wa maadui! Superman tangu 1938 ni buluu, nyekundu na manjano. Spider-Man ni nyekundu na buluu. Sare za shule hizo. Sasa geukia ng'ambo ya pili: Joker, aliyeingia na toleo la kwanza la Batman mwaka 1940, ana suti ya zambarau na nywele za kijani. Doctor Doom wa 1962 ana joho la kijani juu ya chuma kitupu. Green Goblin wa 1964, kijani na zambarau. Hata Lex Luthor, adui wa Superman, mwaka 1983 alipopewa deraya ikawa ya rangi hizo hizo mbili.

Wengi hudhani kuna siri kubwa hapo, kumbe ni mambo ya mtambo wa kuchapia. Komiki zilikuwa zikichapwa kwa wino wa rangi nne kwenye karatasi dhaifu ya magazeti, na mashujaa walikuwa wameshajinyakulia nyekundu, buluu na manjano. Adui naye sharti atambulikane hata wakiwa wamekabana koo ndani ya kijisanduku kisichozidi kiberiti. Akapewa kilichobaki. Hulk mwenyewe, lile jitu la misuli, alianza akiwa wa kijivu mwaka 1962, kijivu kikagoma kutoka sawasawa mashineni, toleo la pili akawa kijani mpaka leo. Hulk hayumo kwenye habari yangu, nimemtaja kwa kuwa napenda kusikia mashine imemshinda mtunzi.

Na Mysterio ni fundi. Hiyo ndiyo sababu yangu hasa. Stan Lee na Steve Ditko walimtoa mwaka 1964, toleo la 13 la Amazing Spider-Man. Jina lake Quentin Beck, na hakuna buibui aliyemuuma wala hakushuka kutoka sayari yoyote. Alikuwa mtu wa sinema, anaruka na kuanguka kwa niaba ya waigizaji, kisha akawa mtengenezaji wa viinimacho vya kamera. Vitisho vyake vyote kajitengenezea. Isipokuwa yeye alianza kwa kuiba akiwa amevaa kama Spider-Man ili lawama ziende kwa mwenzake, na mimi sijafika huko.

Nguo zilikuwa rahisi, au nilidhani. Kongowea nilipata fulana ya mikono mirefu na suruali ya kubana, zote za kijani, zile nguo za ndani wanazovaa Wazungu wakati wa barafu. Mia tatu zote mbili, au tatu na hamsini, sikumbuki. Satini ya zambarau ya joho nikainunua Biashara Street, mita tatu. Shida ni kwamba Ditko alimchorea Mysterio mistari kama wavu mwili mzima. Nikakaa usiku mbili na rula na kalamu ya wino mzito, nachora vimraba mpaka mgongo unauma. Nikaivaa kuijaribu mchana, mwezi wa pili, Mombasa. Robo saa haikufika jasho likashuka na wino wote. Nilipovua, wavu ulikuwa umehamia tumboni kwangu na nguo imebaki kama kanga iliyochuja. Siku tatu nilikoga na wavu.

Ya pili nikampelekea fundi cherehani, aishone mistari kwa uzi mweusi. Akaigeuza, akaitazama, akauliza kama Gor Mahia wamebadilisha jezi. Nikamwambia ndiyo. Ilikuwa mkato kuliko kueleza.

Mabegani Mysterio ana vibanio viwili vya dhahabu vyenye umbo la jicho. Video zote za ng'ambo zinakwambia, nenda duka la vifaa vya sanaa ununue povu la aina fulani. Nilizunguka maduka mawili nikiulizia hilo povu, na wauzaji wakinitazama kana kwamba nimeomba figo. Jioni navua viatu mlangoni, naangalia chini: patipati! Povu lenyewe nilikuwa nimelikanyaga siku nzima. Nunua patipati kubwa kuliko zote dukani, ukate kwa wembe mpya, ubandike kwa gundi ya fundi viatu. Ukipaka dhahabu hakuna atakayegundua, ila usimsimamie mtu karibu sana, maana upande wa ndani wangu bado una namba 45.

Sasa kichwa.

Nilianza kwa kiburi. Nikasema, bakuli la samaki ni bakuli la samaki, nikanunua la kioo kwa muuza samaki wa mapambo. Nilipima mdomo wake kwa kamba, nikapima kichwa changu kwa kamba hiyo hiyo, nikaona panatosha. Nilichosahau ni masikio. Masikio yana tabia ya kulala yanapoingia na kusimama yanapotoka. Kichwa kiliingia vizuri mno, nikasimama mbele ya kioo nikajipongeza, sauti yangu ikinirudia kama niko kisimani. Halafu nikataka kulivua.

Shangazi yangu, ambaye nakaa kwake Mji wa Kale, alikuwa jikoni. Nikaenda taratibu, kilo zote zile zimenikaa shingoni, nikasimama mlangoni. Hakupiga kelele. Alinitazama kwa muda, akazima jiko, akasema, "Mwanangu, hilo umelivaa kwa sababu gani?" Nikamjibu, hakusikia. Nikajibu tena kwa nguvu, kioo chote kikaingia ukungu, na hapo nikawa sioni. Akanikalisha kwenye kigoda, akamimina mafuta ya nazi ukingoni, akawa anayasukuma masikio moja moja kwa mpini wa kijiko, huku watoto wa jirani wamejaa dirishani. Ilichukua muda wa kupika wali. Lilipotoka aliliosha yeye mwenyewe, akaliweka juu ya kabati, na tangu siku hiyo anauzia mabuyu. Biashara ni nzuri, nasikia.

Kwa hiyo: kioo kamwe. Nilichokuja kutumia ni kile kifuniko cha plastiki cha taa za nguzo za geti, mviringo kama mpira. Tafuta kinachopenya mwanga kabisa, si kile cheupe kama maziwa. Tundu lake la chini ni dogo, sharti lipanuliwe. Cha kwanza nilikikata mwenyewe kwa msumeno wa chuma, kikapasuka kama yai. Cha pili nikampa fundi alumini, akazungusha utepe wa karatasi kwenye mstari na kupita na grenda polepole. Mia mbili, na soda. Masikio tuliyapigia hesabu safari hii.

Kwenye komiki, kichwa cha Mysterio ni cha upande mmoja: yeye anakuona, wewe humuoni. Jamaa anayebandika tinti za magari aliapa ataweza. Tinti haikubali mpira, ndugu zangu. Ilijikunja kama chapati iliyotupwa ukutani. Nikajaribu kupuliza rangi ya fedha, ikawa nzuri kutazamwa lakini ndani ni giza la kaburi, nikajigonga mlango wa choo.

Nilikuwa nimekata tamaa siku shangazi aliporudi kutoka harusini, buibui na nikabu, akanikuta nimekaa na kifuniko mapajani. Akauliza kilichobaki ni nini. Nikamwambia nataka kuona watu bila wao kuniona. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Na mimi hapa nimevaa nini?" Akaivua ile nikabu yake nyepesi, akanifunga nayo. Nilikuwa naona kila kitu, mpaka bei ya sabuni iliyoandikwa duka la mbele. Hakuna muujiza hapo. Kitambaa ni cheusi, kiko karibu na jicho, na nje kuna mwanga mwingi kuliko ndani, basi. Nimeangalia video za watu wenye mashine za kuchapa vitu vya plastiki na karakana kubwa kuliko nyumba yetu, na wote wamehangaika na jambo ambalo nusu ya mtaa wangu wanalivaa kila wakitoka.

Juu ya kifuniko nikapuliza fedha kidogo tu, kwa mbali, mara moja, ikiwa nzito utosini na kupotea chini. Usirudie, rangi ikikolea plastiki inatoa nyufa.

Ukungu ndio ulionitia aibu. Mimi hulipwa kuondoa unyevu, ndiyo kazi yangu, na nilikuwa nimejijengea chumba kisicho na tundu nikaweka pua ndani. Nilitoa feni kwenye kompyuta mbovu nikaifunga nyuma ya shingo. Feni hiyo ni ya volti 12, lakini ukiipa volti 5 za pawabenki inazunguka taratibu, haina kelele, na inatosha. Upande wa ndani nikapaka sabuni ya vyombo na kuifuta kwa kitambaa kikavu. Moshi nilijaribu kwa chetezo chini ya joho, na nikanukia kama bwana harusi. Nikaachana nao.

Nikapanda treni ya SGR siku moja kabla ya maonyesho. Kwenye ukaguzi mizigo inapangwa mstari mmoja, mbwa wanapita, na mbwa hakuwa na tatizo na mimi. Askari ndiye aliyesimama.

"Hiki ni nini?"

"Kichwa, afande."

"Cha nani?"

"Changu."

Akanitazama, akakitazama, akapita.

Nairobi niliwahesabu Spider-Man kumi na mmoja kabla ya saa sita mchana, kisha nikaacha. Wote walikuwa wananitafuta. Ukiwa Mysterio, kila Spider-Man anataka picha akikupiga ngumi, na foleni yangu ikawa ndefu kuliko ya chapati za pale nje. Wale sita walioniambia nivae nyekundu na buluu, nawasalimu. Mtoto mmoja alinizunguka mara mbili, akaniuliza kama ndani kuna mtu. Sikumjibu. Feni ikavuma kidogo. Akarudi nyuma hatua tatu bila kunipa mgongo, na wallahi sijawahi kulipwa malipo matamu kama yale, kwa friji yoyote.

Jioni shangazi akapiga simu. Nikaamkia, akaitika, akaniuliza safari. Nikaanza kumweleza juu ya foleni, na yule mtoto, na vibanio. Akanikata.

"Nikabu yangu umeikunja au umeitia mfukoni?"

Ilikuwa mfukoni. Na ilikuwa na dhahabu ya patipati pembeni yote, ambayo mpaka leo haijatoka.