Nikikumbuka treni za umeme za Mumbai

Jioni hii, nikiwa nimekwama kwenye foleni ya Barabara ya Jinja hapa Kampala, nimekumbuka mwezi nilioukaa Mumbai nikimuuguza mama yangu. Kila asubuhi nilipanda treni ya umeme kutoka Kurla hadi kituo kikuu cha mjini, vituo vilevile viwili vilivyounganishwa na treni ya kwanza ya umeme nchini India tarehe 3 Februari 1925.

Kilichonivutia zaidi ni wepesi wa kuondoka kituoni. Treni yetu ya hapa Kampala, iendayo Namanve, huvutwa na kichwa cha dizeli, lakini zile zina mota chini ya mabehewa kadhaa, nazo hupokea umeme wa volti 25,000 kutoka kwenye waya wa juu, hivyo hushika kasi upesi hata pale vituo vinapokaribiana. Msongamano ulinitisha mwanzoni, hata katika mabehewa ya wanawake, na nilijifunza kusogea mlangoni mapema kabla ya kufika Kurla.

Natamani sana wafanyakazi wanaoishi Mukono wapate usafiri wa namna hiyo, wafike nyumbani watoto wakiwa bado macho.