Nilivyotafuta shabaha mpya za dawa ya malaria kwa laptopu tu

Kwetu Kagera malaria tumekua nayo, unameza mseto siku tatu unarudi shule. Kwa hiyo niliposoma kwamba vimelea vyenye badiliko la R561H kwenye jeni ya kelch13, lile linalofanya artemisinin, dawa iliyo ndani ya mseto, ichelewe kuviua, vimeonekana Rwanda na huku kwetu pia, niliumia kweli. Mseto ukigoma tutameza nini? Ndo nikaamua masta yangu iwe ya kutafuta sehemu nyingine ya kumpiga huyu kimelea, na kwa kuwa maabara sikuwa nayo nikatumia kompyuta.

Jenomu, yaani seti nzima ya jeni, ya Plasmodium falciparum, ndiye kimelea mwenyewe, ilishasomwa tangu 2002, ina jeni kama 5,300 na zote zipo bure kwenye tovuti ya PlasmoDB. Nikadaunlodi protini zake zote kwa bando la usiku, nikazilinganisha na za binadamu kwa BLAST, programu inayotafuta protini zinazofanana, kila iliyofanana na yetu nikaitupa ili dawa isije ikamdhuru mgonjwa. Zilizobaki nikaziangalia kwenye ule utafiti wa 2018 uliovuruga jeni za kimelea kuona zipi akizikosa hawezi kuishi, wenyewe walipata kama 2,680 kwenye jenomu nzima. Nikapata orodha nzuri, nikampelekea supavaiza wangu.

Hata hakuifungua. Akaniuliza kuhusu SP, ile dawa ya malaria ya siku nyingi, "Mdogo wangu, SP inampiga kimelea wapi?"

"DHFR," nikajibu, enzaimu yake mojawapo.

"Haya, nitafutie DHFR humo."

Nikasachi, haipo. Nikasachi kwa namba yake, PF3D7_0417200, haipo. Kumbe na sisi binadamu tuna DHFR, kwa hiyo chujio langu lilishaitupa siku ya kwanza kabisa, yaani enzaimu ambayo dawa yake wajawazito wanapewa kliniki mpaka leo! Pyrimethamine iliyo ndani ya SP inaing'ang'ania ya kimelea kuliko ya kwetu kwa sababu kile kishimo inapoingia hakijakaa sawasawa na chetu, na mimi nilikuwa nalinganisha protini nzima nzima bila kuangalia kishimo.

Nikaanza upya. Safari hii niliandika kwanza kwenye karatasi protini za kimelea ambazo tayari zinajulikana kuwa shabaha za dawa, DHFR, DHODH, PfATP4, nikaibandika ukutani juu ya meza, chujio lolote likizitupa hizo basi ni bovu. Lile la kwanza lilikuwa limezitupa zote tatu.

Kitu kingine kilichonitesa ni herufi N. Protini za huyu kimelea zina asparagini (asidi amino inayoandikwa N) mfululizo, unafungua moja unakuta NNNNNNNN mistari miwili, BLAST inadhani imepata ndugu kumbe ni hizo N tu zimefanana. Ukiangalia umbo lake kwenye AlphaFold, programu inayobashiri maumbo ya protini, unaona vipande hivyo vimetoka rangi ya machungwa vinaning'inia kama uzi, hapo programu yenyewe inakwambia haina uhakika, kwa hiyo usipoteze muda kutafuta kishimo hapo.

Kabla ya kudoki kemikali mpya, yaani kuiachia kompyuta ikisie zinakaaje ndani ya protini, nikaijaribu programu ya kudoki iitwayo Vina kwa kitu ninachokijua. Nikachukua umbo la DHFR lililopimwa maabara likiwa na kemikali ya WR99210, inayoizuia, ndani, nikaitoa nikaiambia programu iirudishe yenyewe. Ikaipeleka chumba cha pembeni! Siku mbili nahangaika, umeme unakatika naanza tena, mpaka nikagundua wakati wa kusafisha faili nilifuta maji pamoja na NADPH, molekuli ambayo DHFR huitumia kufanya kazi, kwa hiyo chumba cha NADPH kilikuwa kitupu na dawa ikaingia humo. Nilipoirudisha NADPH, dawa ikakaa palepale pake, tofauti haikufika angstromu 2, kipimo kidogo kama upana wa atomu.

Kwa sasa nina protini tisa zilizopita kote. Dada mmoja wa maabara ya chuo kingine amekubali kuanza na mbili, wiki iliyopita kanitumia picha ya chupa za damu anazokuzia vimelea, nimeiweka skrini ya simu.