Jinsi nilivyotumia viashiria vya saratani kuchunguza maji ya kifuani

Maji niliyomvuta mzee yule kwa sindano, upande wa kulia wa kifua, yalikuwa na rangi ya damu iliyochujuka. Kwa vigezo vya Light vya mwaka 1972, viwango vya protini na vya kimeng'enya cha LDH vilionyesha kwamba utando wa pafu wenyewe ndio unaougua, wala si moyo ulioelemewa. ADA, kimeng'enya ambacho kwa kawaida hupanda katika maji ya kifua kikuu, ilikuwa chini sana, jambo lililonipunguzia shaka ya kifua kikuu, na uchunguzi wa seli ulirudi mara mbili bila kuonyesha saratani. "Mwanangu," aliniuliza, "ni kansa au siyo?" Sikuwa na jibu.

Majibu hayo ya seli hayakunituliza, kwa kuwa kipimo hicho hukamata takriban wagonjwa 6 tu kati ya 10 ambao saratani imefika kwenye utando huo. Niliomba maabara ipime CEA, kiashiria cha saratani, yaani protini ambayo baadhi ya saratani huitoa kwa wingi, katika maji yaleyale na katika damu iliyotolewa siku hiyohiyo. Damu ilikuwa na nanogramu 9 kwa mililita, juu kidogo ya kawaida, na kwa mvutaji sigara kama yeye nisingeishangaa; maji yalikuwa na zaidi ya 200. Tofauti kubwa namna hiyo haielezeki kwa CEA kuvuja tu kutoka kwenye damu: ilikuwa ikizalishwa humohumo kifuani. Hata hivyo, kabla ya kusema lolote nilihakikisha kwamba maji hayana usaha, maana usaha nao unaweza kuipandisha CEA pasipo saratani.

Uangalifu huo niliupata kwa aibu. Miaka michache kabla ya hapo nilimwandikia mama mmoja viashiria vyote ambavyo maabara iliweza kupima, kimojawapo, CA 125, kikarudi juu mno, nami nikaitia familia nzima hofu ya saratani. Kumbe moyo wake ndio uliokuwa umeshindwa kufanya kazi, na maji yakaisha kwa dawa za kukojoza. Seli za utando unaozunguka mapafu, moyo na tumbo hutoa CA 125 zinaposumbuliwa na chochote kile, iwe ini lililosinyaa, kifua kikuu au maji yenyewe. Tangu siku ile siiagizi kwa ajili ya maji ya kifuani. Na CEA nayo ikiwa chini, haimwachilii mgonjwa, kwa sababu mesothelioma (saratani ya utando wenyewe) na limfoma (saratani ya mfumo wa limfu) kwa kawaida haziipandishi.

Kwa hiyo sikumwambia mzee kwamba ana saratani kwa sababu ya namba 200. Namba hiyo niliipeleka kwa mwenzangu wa upasuaji wa kifua, aliyekuwa anapendelea tusubiri wiki sita tupige picha nyingine, akakubali kuingiza kamera na kuchukua vinyama siku ya nne. Ilikuwa adenokasinoma ya pafu, aina ya saratani inayoanzia kwenye seli za tezi. CEA isingeweza kutuambia kama chanzo ni pafu, utumbo au kongosho, wala isingetupa nyama ya kupima mabadiliko ya jeni la EGFR, ambayo yakiwepo mgonjwa huweza kuanza matibabu kwa vidonge. Nilivuta kiti karibu na kitanda, nikamjibu lile swali lake, kisha nikamweleza kwamba nyama ileile tayari imepelekwa kupimwa jeni hilo.