Diski inayopita mkono kwa mkono: tulivyochagua kati ya PlayStation 5 na Xbox Series S

Kwa miezi minne mimi na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu ninayeishi naye hapa Mwanga, mjini Kigoma, tulikuwa na ubishi mmoja ambao ulianza kila jioni wakati wa chakula na haukuisha hadi taa zilipozimwa. PlayStation 4 yetu, mashine ya kuchezea gemu kwenye televisheni, ilikuwa imechoka kabisa: feni yake ilikuwa ikiunguruma kama mashine ya kusaga unga, na pedi moja kati ya mbili za kuchezea ilikuwa ikimsogeza mchezaji kushoto hata kama hakuna mtu aliyeigusa. Fedha ya kununua mashine mpya nilikuwa nimeiweka kidogo kidogo kutokana na kazi yangu ya kutunza hesabu za mwenye mitumbwi ya dagaa kule Kibirizi, kwa hiyo haikuwa fedha ya kubahatisha. Mpwa wangu alitaka Xbox Series S. Mimi nilitaka PlayStation 5, tena ile yenye tundu la diski. Naandika jinsi tulivyofikia uamuzi kwa sababu ulinganisho mwingi ninaousoma wa mashine hizi mbili umeandikwa na watu ambao kwao intaneti ni kama maji ya bomba, na mtu wa Kigoma akiufuata ulinganisho huo anaweza kununua kitu kizuri ambacho hakimfai.

Nianze na hoja zake, maana zilikuwa na uzito, na baadhi yake sikuweza kuzijibu hadi leo. Ya kwanza ilikuwa bei. Xbox Series S ilipotoka tarehe 10 Novemba 2020 iliuzwa dola 299 za Marekani, na PlayStation 5 yenye tundu la diski, iliyotoka siku mbili baadaye, iliuzwa dola 499. Tofauti hiyo ya dola 200 haipungui mzigo unapovuka bahari na kupanda gari hadi huku. Bali huongezeka, kwa kuwa kila mkono unaopokea boksi unaongeza chake. "Mjomba," aliniambia, "hela inayobaki tunanunua pedi ya pili na chenji tunarudi nayo." Alikuwa sahihi.

Hoja ya pili ilikuwa ya umeme, na hii ndiyo iliyoniyumbisha zaidi, kwa sababu mimi ndiye ninayenunua luku. Series S ikiwa katikati ya mchezo hutumia umeme wa wati 70 hadi 80 hivi, wakati PlayStation 5 hufika karibu wati 200. Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu ya saa nne kwa siku, siku 30 za mwezi: Series S ingekula takribani yuniti 9, na PlayStation 5 yuniti 24, bila kuhesabu televisheni. Mwenye nyumba inayotegemea sola na betri aisome hesabu hii mara mbili, kwa kuwa kwake si suala la fedha tu, bali ni suala la kama mechi itafika kipindi cha pili. Kwa mtu wa namna hiyo ningesema bila kusita kwamba Series S ndiyo mashine yake, hata kama mengine yote ninayoyaeleza hapa chini yanabaki kuwa kweli.

Tena pedi. Pedi za Xbox One, mashine iliyoitangulia, zinafanya kazi kwenye Series S bila masharti, lakini pedi ya PlayStation 4 ukiiunganisha na PlayStation 5 itacheza gemu za PlayStation 4 tu. Gemu iliyotengenezwa kwa ajili ya PlayStation 5 itaikataa. Huo ni uamuzi wa Sony, kampuni inayotengeneza PlayStation, ambao mimi naona unawaumiza watu wa kipato cha kawaida, na sioni sababu ya kuufunika.

Hoja yake kubwa, hata hivyo, ilikuwa usajili wa Game Pass ambao Microsoft, wenye Xbox, iliuanzisha mwaka 2017: unalipa kwa mwezi, na mamia ya gemu yanafunguka mbele yako. Alikuwa ameandika kwenye daftari la shule orodha ya gemu ambazo angezipakua mwezi wa kwanza. Niliisoma orodha hiyo yote, na nilipofika mwisho nilimwomba anisaidie jambo moja. Nilimwambia tununue bando kubwa kuliko tulilowahi kununua, tupakue gemu moja tu ya bure kwenye ile PlayStation 4 yetu mbovu, halafu tuone.

Tulianza saa nne usiku, wakati watu wengi wamelala na mtandao umepata nafuu. Simu iliwekwa dirishani upande ambao mawimbi yanakamata vizuri, imechomekwa chaji, na chini yake nikaweka sahani ya bati ili isipate moto sana. Mstari wa kupakua ulisogea. Saa sita ulikuwa asilimia 11, na mpwa wangu alikuwa bado amekaa kwenye mkeka akiutazama kama mtu anayesubiri maji ya ugali yachemke. Saa tisa nilipoamka ulikuwa asilimia 26, naye amelala palepale na pedi ikiwa kifuani. Alfajiri bando lilikwisha, mstari ukiwa asilimia 38. Hatukugombana asubuhi ile. Alichukua daftari lake, akakata mistari mingi katika orodha, akaacha gemu tatu. Naye akafanya hesabu yake mwenyewe: gemu kubwa za siku hizi zinabeba makumi ya gigabaiti, na baadhi yake hupita gigabaiti 100, kwa hiyo gharama ya kuzileta nyumbani kwa bando ingeweza kumeza ile nafuu ya bei ndani ya muda mfupi. Kwenye Series S huwezi kuziingiza kwa diski. Haina tundu la diski, na hata kuiwasha kwa mara ya kwanza ikiwa mpya kunahitaji intaneti.

Hapo ndipo nilipomweleza jambo la mwaka 2013, ambalo yeye alikuwa mdogo mno kulijua. Mwaka ule Sony na Microsoft zilikuwa zikijiandaa kuuza PlayStation 4 na Xbox One, na Microsoft ilitangaza kwamba mashine yake ingetakiwa kuingia kwenye intaneti angalau mara moja kila saa 24, na kwamba kuazimana na kuuziana diski kungewekewa masharti. Mwezi Juni, katika maonyesho ya gemu ya E3 kule Los Angeles, Sony ilitoa video fupi kupita kiasi, ya sekunde ishirini na kitu, ikieleza namna ya kumwazima mwenzako gemu ya PlayStation 4. Shuhei Yoshida, aliyekuwa mkuu wa studio za Sony, anamkabidhi mwenzake Adam Boyes kasha la gemu, mwenzake anashukuru, basi. Siku chache baadaye, tarehe 19 Juni, Microsoft iliyafuta masharti yale. Xbox One ilitoka Novemba ikisoma diski kama watu walivyozoea, lakini kwa dola 499 dhidi ya dola 399 za mpinzani wake, na PlayStation 4 ikaja kuuza zaidi ya mashine milioni 117 duniani. Sisemi kwamba kuazimana peke yake ndiko kulikoleta ushindi ule, kwa kuwa tofauti ya dola 100 ilikuwa na nguvu yake. Nasema kwamba kitendo kilichoonyeshwa katika video ile ndicho tunachokifanya hapa Mwanga kila wiki.

Watu wasio na habari wanadhani diski ni mahali tu pa kuhifadhia gemu. Kwenye mashine za sasa gemu inanakiliwa ndani ya mashine, na baada ya hapo diski inabaki kuwa ufunguo: bila kuiweka tunduni, gemu haifunguki. Kwa sababu hiyo mwenye diski akiiazima anabaki bila kucheza mpaka irudi, na anayeazima anajua kabisa kwamba ameshika raha ya mtu mwingine mkononi. Huku kwetu jambo hili limejenga utaratibu wake. Vijana wanaovua dagaa kwa taa hupumzika siku za mbalamwezi, kwa kuwa mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawakusanyiki kwenye mwanga wa taa. Siku hizo ndizo nyumba yetu inapojaa. Wanakuja kutoka Kibirizi na Katubuka, kila mmoja na diski yake kwenye mfuko wa koti, na sheria ni ileile ya mabanda ya gemu: aliyefungwa anampisha mwenzake.

Ninapenda kuangalia namna wanavyopokeana. Mpokeaji hafungui mdomo kwanza. Anafungua kasha, anaitoa diski kwa kidole cha kati ndani ya tundu lake na dole gumba pembeni, anaiinua kuelekea kwenye balbu na kuizungusha polepole, huku akiinamisha kichwa ili mng'ao upite juu ya uso wake wote. Mchubuko unaofuata mduara ndio wanaouogopa kuliko ule unaokatiza kutoka katikati kwenda ukingoni. Akiridhika anaipangusa kwa upindo wa ndani wa shati, kwa kuanzia katikati kwenda nje, kisha anasema, "Nitairudisha Jumapili." Hakuna anayeandika popote. Katika miaka yote tumepoteza diski moja tu, na hiyo ilipotea kwenye mizigo, si kwa mtu kuikatalia.

Kwa kuwa PlayStation 5 inacheza karibu gemu zote za PlayStation 4, diski tisa tulizokuwa nazo hazikugeuka kuwa takataka siku tulipobadilisha mashine. Huo ulikuwa mtaji ambao kwenye Series S ungekuwa sifuri. Ipo Xbox Series X yenye tundu la diski, ambayo inasoma hata diski nyingi za Xbox za zamani, na ni mashine yenye nguvu kweli, lakini bei yake ilikuwa ileile ya PlayStation 5, na mimi simjui mtu hata mmoja katika mtaa wetu mwenye diski za Xbox. Unaponunua mashine ya gemu Kigoma unanunua pia watu wa kuazimana nao, na watu hao tayari wako upande mmoja.

Atakayefuata njia yetu awe makini dukani. PlayStation 5 nayo ina toleo lisilo na tundu la diski, boksi lake linafanana sana na la mwenzake, na nilipokuwa nikiulizia bei, muuzaji mmoja aliniambia kwa uhakika kabisa kwamba zote ni sawa. Si sawa hata kidogo. Kuanzia toleo jembamba lililotoka mwishoni mwa mwaka 2023, kisomea diski kinaweza kununuliwa peke yake na kupachikwa baadaye, ila kinahitaji intaneti mara moja ili mashine ikitambue. Kwa kazi hiyo bando dogo la simu linatosha, lakini ni vizuri kulijua kabla hujafika nyumbani. PlayStation 5 Pro ya mwaka 2024, pamoja na bei yake kubwa, inauzwa bila kisomea diski kabisa. Mwelekeo huo unanihuzunisha, kwa sababu kampuni iliyoonyesha video ya mwaka 2013 sasa inaifanya diski kuwa kitu cha kununua pembeni, na siku itakapofika ambapo hakuna mashine yoyote yenye tundu, sijui vijana wa mbalamwezi watabebeana nini mifukoni.

Tulinunua. Boksi lilikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam, likiwa limefungwa ndani ya blanketi nililoomba litumike, na mpwa wangu alilibeba kutoka stendi hadi nyumbani bila kukubali kupokewa. Niliwasha mashine bila intaneti yoyote, tukaweka diski yetu ya gemu ya mpira, FIFA 23, iliyotengenezwa kwa ajili ya PlayStation 4, tukatumia pedi mpya moja na ile nzima ya zamani, na kabla chai haijapoa tulikuwa uwanjani. Nilifungwa mabao manne kwa moja. Luku imepanda kama hesabu yangu ilivyosema, kwa hiyo sasa tunacheza saa mbili kwa siku badala ya nne, isipokuwa mwezi ukiwa mkubwa. Mpwa wangu bado anaitaja Series S, hasa siku za kununua umeme, nami simkatishi.

Wiki hii diski ya FIFA iko Ujiji kwa kijana mmoja anayefanya kazi na baba yake, nasi tumebaki na ya mbio za magari iliyotoka kwake. Alisema Jumapili. Mpwa wangu ameshaweka nauli ya daladala pembeni, endapo itabidi aifuate mwenyewe.