Nilivyoichagua ndege yangu kubwa ya rimoti, ya injini ya petroli

Arbuni ya dola mia moja nilikuwa nimeshaitoa. Ndege yenyewe, mfano wa ndege ya sarakasi iitwayo Extra 300, ya injini ya cc 100 yenye silinda mbili, ilikuwa imelazwa juu ya meza katika gereji ya muuzaji, mabawa yameegemezwa ukutani, nyekundu na nyeupe, inang'aa. Tulikuwa tumetoka Columbus, Ohio, hapa Marekani, alfajiri na kuendesha saa mbili, mimi na mzee mmoja wa klabuni kwetu, fundi mstaafu wa mitambo, ndiye aliyenifundisha kurusha. Moyoni nilishaiona hewani.

Mzee hakuitazama rangi. Alihakikisha kwanza kwa macho yake kwamba swichi ya cheche imezimwa na betri imechomolewa, kisha akaishika propela karibu na kitovu chake, akaisukuma taratibu kushoto na kulia, juu na chini. Injini ikacheza. Haikucheza peke yake, bali pamoja na ukuta wa mbao unaoibeba, na pale ukuta huo unapokutana na ubavu wa ndege ukafunguka ufa mwembamba kama unywele, ukafumba, ukafunguka tena. Akaniambia nijaribu kwa kucha. Mbao ilikuwa imekunywa oili mpaka imekuwa nyeusi, na kucha ikazama.

"Leo itaruka," akaniambia tukiwa nje. "Lakini siku injini itakapong'oka, sitaki mwanao awe amesimama karibu."

Muuzaji alinirudishia arbuni bila maneno mengi. Njiani kurudi mzee aliniuliza jambo moja tu: gari langu lina urefu gani kwa ndani? Sikujua. Miezi minne nilikuwa nikitazama picha za ndege kubwa usiku na mchana, na jambo hilo halikuwahi kunijia.

Kwa hiyo kazi ya kuchagua ilianza upya kesho yake, kwa futi ya fundi, nyuma ya gari letu la familia. Mabawa ya ndege hizi huchomolewa na kusafirishwa kando, lakini kiwiliwili hakikunjwi. Nililaza viti, nikapima kutoka mlango wa nyuma hadi mgongo wa kiti cha mbele, nikapata sentimita 230. Mke wangu alikuwa amesimama pale ananitazama. "Baba watoto, na mtoto atakaa wapi?" Nikapima tena, safari hii kiti kimoja cha katikati kikiwa kimesimama na ndege ikipita pembeni yake. Bado sentimita 230, ila kwa upana mdogo. Ndege za cc 100 nilizokuwa nikizitamani zina kiwiliwili cha karibu mita mbili na nusu. Hapo hapo zikatoka kwenye orodha, na sikusikitika kama nilivyotarajia.

Ukubwa wa ndege hizi huenda na injini. Ya cc 30 hadi 35 huwa na mabawa ya kama mita 1.9 na uzito wa kilo tano au sita. Ya cc 50 hadi 60 huwa na mabawa ya mita 2.2 au 2.3, kilo saba na nusu hadi nane na nusu. Ya cc 100 hufika mita 2.6 na kilo 11 au zaidi. Kadiri ndege inavyokuwa kubwa ndivyo inavyotulia hewani. Upepo unaoitikisa ndege ndogo kama kishada huipita ndege ya kilo nane ikiwa imenyooka. Uwanja wetu umezungukwa na mashamba ya mahindi na soya, hakuna cha kuzuia upepo, na nilishachoka kukaa kwenye kiti nikisubiri utulie. Kwa hiyo cc 35 niliiacha pia. Ikabaki daraja la kati.

Kwa nini petroli? Hapa Marekani petroli huitwa gesi, na nduguzangu wa Tanga nikiwaeleza huwaza mtungi wa kupikia, basi nafafanua: ni petroli ileile ya kituo cha mafuta, iliyochanganywa na oili ya injini za mizunguko miwili. Nimekua nikiichanganya. Mjomba alikuwa na boti ya kuvulia, na mimi ndiye niliyekuwa nikipima oili kwenye kopo na kutikisa dumu kabla hawajaingia baharini. Siku ya kwanza niliposikia injini ya cc 50 ikiwaka uwanjani Ohio, harufu ile ya moshi ilinirudisha ufukweni moja kwa moja. Lakini sikuchagua kwa harufu tu. Injini ndogo za methanoli nilizoanza nazo hunywa mafuta ya bei kubwa na kuipaka ndege nzima utelezi. Umeme ni safi na kimya, ila kwa ndege ya ukubwa huu unahitaji mabunda ya betri ya bei kali, na ukitaka kuruka mara sita kwa siku unahitaji mabunda kadhaa. Petroli ya dola chache inanitosha Jumamosi nzima. Tangi la nusu lita linanipa dakika kumi na zaidi.

Aina ya ndege niliiamulia Muncie, Indiana. Huko ndiko makao makuu ya Academy of Model Aeronautics, chama cha warusha ndege za mfano kilichoanzishwa 1936, kina makumbusho na uwanja mpana ajabu. Nilikwenda na mwanangu wikendi moja ya sarakasi, tukakaa kwenye nyasi kuanzia asubuhi hadi jua kuzama. Mashindano yanayonivutia ni ya mtindo wa IMAC, chama cha sarakasi za ndege za mfano, ambayo yana madaraja matano: Basic, Sportsman, Intermediate, Advanced na Unlimited. Katika Basic unaweza kuja na ndege yoyote, lakini kuanzia Sportsman ndege yako lazima ifanane na ndege halisi ya sarakasi. Hilo lilinipunguzia kazi, maana ndege nyingi nzuri sokoni zimebuniwa kwa michezo tu na hazina mama yao angani.

Nilibaki na mbili. Extra 300 ya Mjerumani Walter Extra, iliyoruka mara ya kwanza 1988, na Edge 540 ya Zivko wa Guthrie, Oklahoma. Zote zina bawa lenye umbo sawa juu na chini, kwa hiyo zikigeuzwa mgongo chini huruka karibu kama kawaida. Siku ile nilizitazama zote zikiruka kwa ubavu, bawa moja likielekea ardhini, jingine mbinguni. Katika hali hiyo mabawa hayabebi kitu; kinachoibeba ndege ni ubavu wa kiwiliwili na nguvu ya injini. Extra nilizoziona, zenye kiwiliwili kirefu cha kwenda juu, zilipita mbele yetu zimetulia kama zimewekwa kwenye reli. Edge zilijibiringisha kwa kasi ya kupendeza sana, na rubani hodari angezichagua bila kusita. Mimi nilitaka ndege itakayonisubiri nifikiri.

Kuna jambo jingine nililolichukua Muncie ambalo sikulisoma mahali popote. Ndege ikiwa mbali, ikijibiringisha, jicho hupoteza haraka habari ya upande upi ni juu. Ndege zilizopakwa rangi sawa juu na chini zilinichanganya hata mimi niliyekaa tu kutazama. Zile zenye mistari mipana myeusi na myeupe tumboni na rangi nzito juu nilizifuata hadi mwisho. Nikaamua hapo kwamba rangi ni chombo cha usalama, na nikaacha kutafuta ile inayopendeza kwenye picha.

Injini haikunichukua muda. Mzee ana DA-50 ya Desert Aircraft wa Tucson, Arizona, imemtumikia miaka na anaiamini kuliko gari lake. Mimi nilichukua DLE-55 ya Kichina, yenye silinda moja, kwa sababu ya bei na kwa sababu warusha ndege wanne uwanjani kwetu wanayo na wanajua sindano zake za kabureta zinavyotaka kurekebishwa. Kwangu hilo lilikuwa na uzito kuliko namba za nguvu za farasi. Injini ambayo jirani yako anaijua, una fundi wa bure kila Jumamosi.

Sevo ndizo nilizozitafakari zaidi ya kitu chochote, na kama kuna sehemu ya habari hii ningependa mtu aisome mara mbili, ni hii. Mjomba alikuwa akisema chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Sevo ndizo nyenzo: vijimota vidogo vinavyosukuma sehemu za bawa na mkia kufuata kidole chako. Mwaka uliotangulia niliweka sevo za bei rahisi kwenye ndege ndogo. Giya zake zilikuwa na ulegevu mdogo, wa kuhisi tu kwa vidole. Niliposhuka kwa kasi, kile kipande cha bawa kinachogeuza ndege kilianza kutetemeka; nilisikia mlio kama nyuki, sekunde moja au mbili, kikang'oka. Ndege ile niliiokota kwenye mahindi vipande vipande. Ilikuwa ya kilo mbili. Sikutaka kufikiria kilo nane zikishuka namna ile.

Nguvu ya sevo hutajwa kwa kilo kwa sentimita. Sevo ya kilo 20 maana yake mkono wake ukiwa na urefu wa sentimita moja, unaweza kushikilia kilo 20. Lakini ndege ya sarakasi inataka mikono mirefu ili sehemu za mkia zifunguke kwa pembe kubwa. Ukiweka mkono wa sentimita nne, zile kilo 20 zinabaki tano. Wauzaji hawakuoneshi hesabu hii. Nilichukua sevo za giya za chuma zenye zaidi ya kilo 30: moja kwa kila bawa, mbili za mkia wa mlalo na moja ya usukani wa mkia. Ya kufungua kabureta inaweza kuwa ndogo. Sevo zile tano peke yake zilinigharimu zaidi ya injini, na kabla ya kuzinunua nilikuwa nimeshapanga bajeti ya dola elfu mbili, ikaishia elfu mbili na mia nne. Zile mia nne nilizingoja miezi miwili, nikifanya saa za ziada ghalani. Kupunguza sevo ili niruke mapema sikukubali.

Umeme wa ndani niliufuata kama mzee alivyoelekeza: betri mbili za risiva, yaani kile kipokezi cha mawimbi ya rimoti, kila moja na swichi yake, ili moja ikifa nyingine ishike, na betri ya tatu ya cheche za injini, iliyowekwa mbele pamoja na kifaa chake, mbali na risiva kadiri kiwiliwili kinavyoruhusu, kwa sababu cheche huleta vurugu ya redio. Swichi ya kuzima injini kutoka kwenye rimoti ni sharti uwanjani kwetu, na hata isingekuwa sharti ningeiweka.

Kabla ya kulipia ndege yenyewe niliuliza swali moja ambalo karibu nilisahau: je, tumbo lake lina mfereji wa kutosha sailensa ndefu? Jirani wa uwanja wetu ana ng'ombe na uvumilivu wenye mpaka. Ile niliyoichagua, ya mabawa mita 2.24, kiwiliwili sentimita 212, ilikuwa na mfereji tayari. Ilikuja ndani ya maboksi mawili, mbao zimeshakatwa na kufunikwa, ikabaki kuunga, kufunga injini na kupima mizani kwenye bomba linaloshika mabawa. Namba yangu ya usajili ya FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, nikaibandika ubavuni; usajili ni dola tano kwa miaka mitatu, na mtihani wa usalama hufanywa bure.

Injini tuliiwasha mara ya kwanza ndege ikiwa imefungwa kwenye meza, mzee akishika mkia. Choki imefungwa, nikaipiga propela kwa mkono wenye glavu nene hadi ikakohoa, nikafungua choki, nikapiga tena mara tatu. Ikawaka. Mwanangu alikuwa nyuma kabisa ya mstari mwekundu, ameziba masikio, anacheka.

Jumamosi iliyofuata upepo ulikuwa ule wa kila siku. Nikaipeleka taratibu kwenye nyasi, ikajinyanyua kabla sijavuta sawasawa, nikaipandisha juu, nikarekebisha kidogo upande wa kulia, nikaiacha. Ilienda imenyooka. Nikaigeuza mgongo chini, nikahitaji kusukuma kidogo tu, karibu si kitu. Mzee aliyesimama begani kwangu hakusema neno mpaka nilipotua.

Kisha akachukua bisibisi yake, akafungua kava ya injini kabla haijapoa, akaanza kujaribu boliti nne za kwenye ukuta wa mbao, moja baada ya nyingine. Mbili zilizunguka robo. Tukazitoa, tukazitia gundi ya kuzuia boliti zisilegee, tukazirudisha, nikajaza tangi.